Sauti zimenyamaza, mbona kazi bado haishikiki? Uzi kuhusu ubongo, skizofrenia na kuishi na watu

#1 Skrubu Ndogo (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuunga aweke kituo arudi kesho.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini mambo ya ajabu. Naandika wazi kwa kuwa humu hakuna anayenijua, na huko mtaani nimechoka kuulizwa "hicho kitu bado hajatolewa?" Kabla ya kuugua alikuwa fundi simu, na si wa kubahatisha. Alipokaa kwenye dawa sauti zikapungua, akaacha kuziba madirisha kwa maboksi, akawa analala usiku. Nyumbani ikawa shangwe: kapona huyu. Tukamrudishia meza yake.

Hapo nikaanza kuona mambo ambayo kliniki hakuna aliyetuandaa nayo. Kufungua simu anafungua vizuri tu, mikono haijasahau. Ila atatoa skrubu nne, mteja amuulize bei ya kioo, amjibu, na akirudisha macho mezani hajui tena ipi ilitoka wapi. Anaanza upya. Ikijirudia, anainuka na kwenda kukaa nje. Siku nyingine mama mmoja mtu mzima alimwambia, "Mwanangu, mimi nakaa Chanika, na gari za saa hizi unazijua." Akamjibu kwa adabu zote, "Ndiyo mama, za saa hizi zinajaa," akaendelea kupangusa meza. Mama alikuwa anaomba amaliziwe haraka. Maneno aliyasikia yote, ombi halikumfikia.

Familia ikatoa hukumu: mvivu, kazoea kulishwa. Mimi nikaingia kusoma, na nilichokuta ni kwamba watafiti wa ubongo wanalijua jambo hili miaka mingi. Mjerumani Emil Kraepelin, aliyeuchambua ugonjwa huu mwishoni mwa karne ya 19, aliona kudhoofika kwa akili ndiko kiini chake. Halafu mwaka 1952, hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker wakaanza kuwapa wagonjwa klopromazini, ile ambayo wazee wetu wanaifahamu kwa jina la Largactil. Wagonjwa waliokuwa hawashikiki wakatulia. Tangu hapo kipimo cha kupona kikawa kimoja tu: sauti zipo au hazipo?

Mwaka 1996 mtafiti wa Kimarekani Michael Green alikusanya tafiti zilizokuwepo na kutazama swali ambalo kila familia hujiuliza: nani kati ya wagonjwa ataweza kazi, nani ataweza kuishi na watu? Kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kushikilia umakini ndivyo vilivyoambatana na majibu hayo. Ukali wa sauti na imani za ajabu haukusaidia kubashiri. Niliposoma hapo nilifunga simu nikatembea kidogo.

Sasa kwa nini dawa zitibu upande mmoja? Dopamini ni kemikali ambayo chembe za neva hutumia kupelekeana habari. Arvid Carlsson na Margit Lindqvist wa Sweden walionyesha mwaka 1963 kwamba dawa hizi zinagusa mfumo huo. Katikati ya miaka ya 1970 ikabainika kwamba kadiri dawa inavyoshika kwa nguvu kipokezi kiitwacho D2 (sehemu ya chembe ya neva inayopokea dopamini), ndivyo dozi yake inavyokuwa ndogo. Picha za ubongo za baadaye zikaonyesha kwamba ugonjwa ukiwa umepamba moto, dopamini humwagika kupita kiasi katika striatamu, eneo la ndani linalohusika na kuamua kipi kina uzito na kipi kipite. Shitij Kapur alilieleza vizuri mwaka 2003: ikizidi, kila kitu kinakuwa na uzito. Kikohozi cha jirani, namba ya gari, mtangazaji wa redio, vyote vinaonekana vinakuhusu wewe. Ukiziba D2, uzito huo unashuka.

Lakini kushika kichwani mahali pa skrubu nne huku unamjibu mteja ni kazi ya gamba la mbele la ubongo, nyuma ya paji la uso. Patricia Goldman-Rakic wa Chuo Kikuu cha Yale alirekodi neva za nyani waliokuwa wakikumbuka mahali taa ilipowaka. Taa imeshazimika, ila neva fulani zinaendelea kufanya kazi mpaka nyani ajibu. Neva hizo hutegemea dopamini ya kiasi kupitia kipokezi kingine, D1. Ikipungua zinaachia, ikizidi pia zinaachia. Kuziba D2 hakutengenezi upande huo.

Kwa hiyo mdogo wangu katibiwa ugonjwa nusu, halafu analaumiwa kwa nusu iliyobaki. Nitarudi na habari ya kusoma watu, huko ndiko kuna mambo.

#2 Kijiwe cha Kahawa

Nimetandika mkeka hapa. Endelea mkuu.

#3 Pwani Haiishi

Pole sana ndugu yangu kwa mdogo wako. Ila hayo ya nyani wa Wazungu yana mipaka yake. Kwetu huyo angeangaliwa kwanza kama hana shetani wa kurithi, angepungwa, na wapo tuliowaona wakitulia. Msiwe wepesi wa kudharau.

#4 Sista Zamu ya Usiku

Mleta uzi, umenigusa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mkoa sitaji. Ndugu wakija kliniki tunauliza matatu: analala, anakula, bado anasikia sauti? Majibu yakiwa mazuri, dawa zilezile, rudi mwezi ujao, maana foleni imefika getini. Kama anaweza kuhesabu chenji, hakuna anayeuliza.

Jambo moja la kuangalia. Je, anameza Artane, yaani benzheksoli? Hutolewa kuzuia kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na haloperidoli na sindano za mwezi. Tatizo ni kwamba inaziba asetilikolini, kemikali ambayo kumbukumbu inaihitaji sana. Kwa mtu ambaye kumbukumbu yake tayari inayumba, inaweza kumwongezea. Wapo walioanzishiwa wakati wa sindano za mwanzo na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama bado wanaihitaji. USIIKATE MWENYEWE. Muulize daktari.

Zamani tulifundishwa kumpima mgonjwa kwa methali. Unamwambia "haba na haba hujaza kibaba", aeleze maana. Anakujibu kibaba ni kipimo cha nafaka. Kweli kabisa, ila hajatoka kwenye nafaka. Kipimo chenyewe kina kasoro, maana siku hizi hata vijana wazima methali zinawapiga chenga.

Na wanaodhani skizofrenia ni mtu mmoja kuwa na nafsi mbili: sivyo. Hayo ya filamu.

#5 Bonde la Ufa

Salamu kutoka Eldoret. Uzi poa, lakini kabla hatujameza kila kitu kuhusu "gamba la mbele", wacha niwakumbushe lilivyotumika huku kwetu.

J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, na alipoanza hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi yake iliyomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Eti sehemu hiyo hatuitumii ipasavyo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamwita kuandika kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na watu waliokuwa wanadai ardhi wakageuzwa wagonjwa. Kwa hivyo mtu akiniambia "picha ya ubongo inaonyesha", nauliza: ubongo wa nani, umelinganishwa na wa nani?

Swali hilo halijaisha. Utafiti mkubwa wa jeni uliotoka mwaka 2022 katika jarida la Nature ulihusisha wagonjwa 76,755 na kutaja sehemu 287 za jenomu, yaani jumla ya jeni za mtu, zinazohusiana na skizofrenia, kila moja ikiongeza hatari kidogo sana. Wengi wa wagonjwa hao ni wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana ukaja mradi wa utafiti wa jeni uitwao NeuroGAP-Psychosis, uliokusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Hapa kwetu walihusika Moi University, na kule Kilifi watu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Mwaka 2020 utafiti wa Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 900 na ushei tu, ulikuta mabadiliko adimu yanayoharibu jeni yakiwa mengi zaidi kwa wagonjwa, hasa katika jeni za sinapsi, pale neva zinapokutana. Waafrika tuna tofauti nyingi za jeni kuliko watu wengine wote, kwa hivyo hata kundi dogo linaonyesha mengi. Sampuli zetu si za kujazia nafasi.

#6 Kapuku Mtulivu

Na bangi je? Tulikuwa watano tunapuliza nyuma ya bweni, wanne wako fiti, mmoja ndiye yuko hospitali ya akili ya Mirembe.

#7 Skrubu Ndogo (mleta uzi)

Kapuku, jibu lako umelitoa mwenyewe: peke yake haitoshi, lakini si kitu cha kuchezea. Wasweden waliwafuatilia vijana wapatao 45,000 walioandikishwa jeshini miaka ya 1969 na 1970. Matokeo yalitoka mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya skizofrenia mara sita ya wasiovuta. Baadaye wakichuja mambo mengine hatari ilishuka, haikutoweka. Mwenye ndugu wa damu mgonjwa aache kabisa, mimi nimeacha hata kukaa na wavutaji.

Bonde la Ufa, hoja yako naichukua nzima. Uliza ubongo wa nani. Mimi ninachoongeza ni kwamba kumkatalia mgonjwa kipimo kwa sababu Carothers alikuwa mbaguzi ni kumwacha aendelee kuitwa mvivu.

Sasa kusoma watu. Mwaka 1995 kule Uingereza, Rhiannon Corcoran, Chris Frith na mwenzao walitunga kipimo cha vidokezo. Unasomewa kisa kifupi ambacho mtu anasema jambo kwa kuzunguka, halafu unaulizwa alikuwa anataka nini hasa. Wagonjwa wengi wa skizofrenia walishindwa pale ambapo wengine walipita bila kufikiri. Nilipokisoma nikamkumbuka yule mama wa Chanika. Hebu fikirieni sisi tunavyoongea: mgeni haombi maji, anasema jua la leo kali. Mkwe hakufukuzi, anakuuliza kama kwako wote wazima. Mtu aliyekatika uzi huo anaonekana hana adabu, kumbe adabu anayo, hapati habari.

Nyuso pia. Tafiti nyingi zimeonyesha wagonjwa hupata shida kutambua hofu au hasira usoni mwa mtu, na macho yao hayakai sana kwenye sehemu zinazobeba habari, yaani macho na mdomo. Wengine husoma chuki kwenye uso ambao hauna lolote.

Kuhusu sauti, Frith alikuja na wazo ambalo hadi leo linanikaa. Ubongo ukiamuru mkono usogee, hutuma pia taarifa ya ndani: "huyu ni mimi, msishtuke." Ndiyo maana huwezi kujitekenya ukacheka. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walilijaribu hilo na kutoa matokeo mwaka 2000: wagonjwa wanaosikia sauti, au wanaohisi wanaendeshwa na nguvu ya nje, mguso wa mkono wao wenyewe waliuhisi sawasawa na wa mtu mwingine. Na mwaka 1993 Philip McGuire na wenzake wa London waliona kwamba sauti zinapokuja, damu huongezeka katika eneo la Broca, linalotengeneza usemi. Ikiwa wazo lako mwenyewe limefika bila ile taarifa, utalisikia kama la nani?

Kingine ni mitungi ya shanga. Mtungi mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za nyingine, wa pili kinyume chake. Unatolewa shanga mojamoja, useme zinatoka mtungi upi, na unaruhusiwa kuomba nyingine kadiri unavyotaka. Wenye imani za ajabu wengi hukata shauri baada ya shanga mbili hivi. Hili nililiona kwa mdogo wangu kabla sijajua lina jina: gari jeupe limepita mara mbili, basi anafuatwa.

Ila si kila kipimo wanashindwa. Kuna kinyago kinachotazamwa upande wa ndani, uliobonyea. Mimi na wewe tutaona uso uliojitokeza nje, kwa sababu ubongo umezoea kwamba nyuso hazibonyei. Wagonjwa wengi wanauona umebonyea, kama ulivyo. Wanaona ukweli, sisi ndio tunadanganyika. Niliwasimulia nyumbani, mama akacheka sana.

#8 Mzee wa Msimamo

Maneno mengi. Hawa watu ni hatari, mtaani kwetu mmoja alimpiga mtu tofali. Wakae hospitali.

#9 Sista Zamu ya Usiku

Mzee wangu shikamoo. Wapo wanaopiga, hasa asiyetibiwa na aliyechanganya na pombe au bangi. Lakini walio wengi hawamgusi mtu, na wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kubakwa. Wadi yetu ingekuwa na mlango wa malalamiko, foleni ingekuwa yao. Watu wenye ugonjwa huu hufa mapema kuliko wengine kwa miaka 10 hadi 20, wengi kwa moyo, kisukari na maradhi ya kawaida ambayo hakuna aliyewapima kwa sababu "huyu si wa akili?"

Pwani Haiishi, nawe sikukimbii. Mtaalamu wa Kimarekani Juli McGruder aliishi Zanzibar akifuatilia familia zenye wagonjwa, na wagonjwa wenyewe walikuwa wanatibiwa hospitali ya Kidongo Chekundu. Aliona familia ambayo kwayo ugonjwa ni kitu kinachokuja na kuondoka, shetani akipanda, shetani akishuka. Akishuka, mtu wao ni mtu wao, anapewa kazi ya nyumbani, hasemwi. Akipanda, hawamlaumu yeye. Hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Kule London, George Brown na wenzake walionyesha mwaka 1972 kwamba katika miezi tisa baada ya kutoka hospitali, wagonjwa waliorudi kwenye nyumba za lawama na kuingiliwa kila saa walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 58. Waliorudi kwenye nyumba tulivu, asilimia 16.

#10 Pwani Haiishi

Sasa si ndicho nilichokuwa nasema.

#11 Sista Zamu ya Usiku

Nusu yake, kaka yangu. Wa Zanzibar dawa walikuwa wanapata. Nyinyi mnampunga miaka miwili ndipo mnamleta, amekonda, ana makovu ya kamba mikononi. Kadiri anavyocheleweshwa ndivyo kumtibu kunavyokuwa kugumu. Mpungeni, lakini kliniki mje wiki hiyohiyo.

#12 Mama Wawili

Dada yangu yuko hivyohivyo, chai anaipika vizuri ila hawezi kupika chai huku anaangalia mtoto. Hakuna dawa ya hiyo nusu ya pili?

#13 Skrubu Ndogo (mleta uzi)

Dada, ya uhakika hakuna. Kampuni ya Boehringer Ingelheim ilikuwa na dawa mahsusi kwa upande huo wa kumbukumbu na umakini, iklepertini, watu waliisubiri kwa hamu. Januari 2025 ikatangazwa kwamba majaribio ya mwisho hayakuonyesha faida. Upande mwingine, Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza isiyopita D2, zanomelini iliyochanganywa na trospiamu. Hiyo inaamsha vipokezi vya asetilikolini kwenye ubongo, vilevile ambavyo Artane ya Sista inavizima. Imeidhinishwa kwa ajili ya skizofrenia kwa jumla. Kumbukumbu haijapewa kibali chake, na bei yake tusiiongelee hapa.

Kilichoonyesha faida kidogo lakini ya kweli ni mazoezi ya akili. Til Wykes na wenzake walijumlisha majaribio 40 mwaka 2011: faida ipo, na inaonekana zaidi maishani pale mazoezi yanapofanywa pamoja na kazi yenyewe. Programu ya kucheza kwenye simu peke yake usitegemee makubwa.

Sisi tumegeuza meza. Simu moja tu kwa wakati. Karatasi ina gundi na mchoro wa simu, skrubu inabandikwa palepale ilipotoka. Wateja anaongea nao binti wa kaunta, na anaongea waziwazi: "huyu anataka kabla ya saa kumi." Bado ni mzito, na kuna siku hafungui kabisa. Ila wiki hizi simu anazomaliza ni nyingi kuliko anazoziacha. Nyumbani nimepiga marufuku neno mvivu, baba bado linamponyoka.

Kwa dada yako mtenganishieni. Chai wakati mtoto yuko na mtu mwingine.

#14 Mama Wawili

Asante kaka. Mume wangu nimemsomea ile ya lawama, kanyamaza, naona imemwingia.

#15 Skrubu Ndogo (mleta uzi)

Sista, nimeuliza kuhusu Artane. Daktari kasema anaweza kuipunguza, kaandika nusu. Niangalie nini?

#16 Sista Zamu ya Usiku

Vizuri, polepole ndivyo inavyotakiwa. Angalia shingo kujipinda, taya kukaza, macho kupanda juu yakagoma kushuka, ulimi kuwa mzito. Ukiona hata kimoja, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke kituo chochote cha karibu siku hiyohiyo na uwaambie anatumia sindano gani. Uende na kadi yake.